Vipimo, vyeti na saa zake: namna ya kusafiri nje wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Jumanne ya tarehe 7 Desemba 2021 shangazi yangu alirudishwa kutoka kaunta ya ndege, uwanja wa Dar es Salaam, akiwa na karatasi zake zote mkononi. Viza ya Marekani anayo. Kadi ya chanjo ya Janssen anayo. Cheti cha PCR, kipimo cha maabara, kinachosema hana virusi vya Uviko-19 anacho, tena kimegongwa muhuri. Tatizo lilikuwa moja: sampuli ilichukuliwa Jumapili. Tulipokata tiketi, kanuni ya Marekani ilikuwa kipimo kisizidi siku 3 kabla ya safari. Tarehe 2 Desemba, kwa hofu ya Omicron, aina mpya ya kirusi hicho, ikatangazwa kwamba kuanzia tarehe 6 itakuwa siku 1. Sisi tulikuwa tumeshasoma kanuni, tukaridhika, hatukuisoma tena. Mama wa watu akakaa kwenye benchi la nje na masanduku yake mawili, akaniuliza, "Mwanangu, sasa mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

Hakuwa mgonjwa. Wengi waliokwama viwanjani miaka ile walikuwa wazima kama yeye. Walichokosea ni saa, jina au karatasi. Tangu siku hiyo nimewapangia safari ndugu na majirani kadhaa, na utaratibu ninaoueleza hapa ndio ninaoufuata. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza mwisho wa dharura ya Uviko-19 tarehe 5 Mei 2023, na masharti ya PCR yamefutwa karibu kila mahali. Lakini Ebola ya Uganda ya 2022, Marburg ya Kagera mwaka 2023 na tena 2025, Marburg ya Rwanda ya 2024 na mpox zimetuonyesha kwamba masharti hurudi kwa sura nyingine. Ukijua namna ya kuyasoma, hutahangaika.

Hatua ya kwanza: andika njia nzima

Chukua karatasi, uandike kila uwanja utakaotua, saa ya kufika, saa ya kuondoka, na kama utatoka nje ya uwanja au la. Chini yake andika kila nchi uliyolala ndani ya siku 21 zilizopita. Siku 21 ni kwa sababu Ebola na Marburg zinaweza kujificha mwilini muda huo kabla ya kuonyesha dalili, na ndiyo maana fomu nyingi huuliza hivyo.

Usidharau swali hilo. Oktoba 2022 Marekani iliagiza kila abiria aliyekuwa Uganda ndani ya siku 21 aingilie kwenye viwanja vitano tu, akapimwe joto na kuulizwa maswali. Oktoba 2024 ikafanya vivyo hivyo kwa waliotoka Rwanda, viwanja vitatu: Chicago, New York na Washington. Mtu mwenye tiketi ya kutua mji mwingine ilibidi njia yake ibadilishwe. Kama ulipita Kigali kwenye harusi wiki mbili kabla, hilo linakuhusu hata kama pasipoti yako ni ya Tanzania na ndege yako inaondokea Dar.

Angalia pia mahali pa kubadilishia ndege. Tiketi ikiwa moja na mizigo inakwenda moja kwa moja, mara nyingi unahesabiwa kuwa mpita njia. Ukiwa na tiketi mbili ulizonunua mbalimbali ili kuokoa fedha, utalazimika kutoka, kuchukua mizigo na kuingia upya, na hapo nchi ya katikati inakudai masharti yake kamili kama mgeni wake. Na kuna hili la homa ya manjano ambalo watu husahau: ukikaa zaidi ya saa 12 uwanjani Nairobi au Addis Ababa, nchi nyingi hukuhesabu kuwa umetoka eneo lenye ugonjwa huo. Tanzania yenyewe huhesabu hivyo, kwa hiyo unaweza kudaiwa kadi ya njano, yaani ya chanjo ya ugonjwa huo, ukirudi kwenu.

Hatua ya pili: soma kanuni pale inapoandikwa, na uisome mara nne

Anza na wizara ya afya au ubalozi wa nchi unayokwenda. Kisha soma ukurasa wa shirika lako la ndege. Ujumbe wa kwenye kundi la familia, hata uwe umetumwa na daktari, uchukulie kama fununu mpaka uuone kwenye chanzo.

Jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui: mtu wa kaunta hasomi tangazo ulilosoma wewe. Anafungua mfumo unaoitwa Timatic, wa IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, anaingiza uraia wako, unakotoka na unakokwenda, na mashine inamwambia nini kinatakiwa. Shirika likikupandisha bila karatasi sahihi, linaweza kupigwa faini na kubeba gharama ya kukurudisha. Ndiyo maana yule dada wa kaunta haonei huruma machozi. Baadhi ya mashirika huweka ukurasa wa kukagua hati unaotumia taarifa zilezile za Timatic; ukiupata, utumie, maana hapo unaona kile atakachokiona yeye.

Ukisoma kanuni, tafuta majibu haya: inaanza kutumika tarehe gani, muda wa kipimo unahesabiwa kutoka wapi hadi wapi, kipimo cha aina gani kinakubaliwa, nani anasamehewa. Hilo la mwisho huokoa fedha za familia. Wakati wa Uviko Marekani iliwasamehe kipimo watoto walio chini ya miaka 2, Uingereza walio chini ya miaka 11. Familia yenye watoto wanne inaelewa tofauti hiyo kwenye pochi.

Soma siku unayokata tiketi, soma wiki mbili kabla, soma siku unayokwenda kupimwa kabla hujatoa pua yako, na soma usiku wa kuamkia safari. Kila mara piga picha ya skrini inayoonyesha tarehe. Sisi tulisoma mara moja.

Hatua ya tatu: hesabu saa kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Ukiambiwa "saa 72", bado hujaambiwa kitu. Saa 72 tangu sampuli itoke puani, au tangu majibu yatoke maabara? Karibu kila nchi ilihesabu tangu sampuli, ila watu wengi walihesabu tangu walipopokea karatasi, wakaumia. Halafu, saa 72 kabla ya kuondoka, au kabla ya kutua? Na kuondoka kwa ndege ya kwanza, au ile ya mwisho inayoingia nchini?

Tuchukue mfano. Ndege inaondoka Dar Alhamisi saa 11 jioni, inatua Doha saa 5 usiku. Unakaa saa tatu, unaondoka saa 8 usiku, unatua London Ijumaa saa 1 asubuhi kwa saa ya kule wakati wa kiangazi, ambayo kwetu ni saa 3 asubuhi. Kama kanuni inahesabu hadi kuondoka kwa ndege ya kwanza, sampuli isichukuliwe kabla ya Jumatatu saa 11 jioni. Kama inahesabu hadi kutua, isichukuliwe kabla ya Jumanne saa 3 asubuhi. Tofauti ni saa 16, kwa safari hiyohiyo na namba hiyohiyo ya 72.

Sasa weka na akiba ya ucheleweshaji. Ukipimwa Jumanne saa 4 asubuhi, unatua London cheti kikiwa na saa 71. Ndege ikichelewa Doha kwa saa mbili, kimekufa. Mimi ningempeleka mtu huyo Jumanne saa 9 alasiri. Anatua kikiwa na saa 66, ana saa 6 za kuvumilia uchelewaji, na maabara inayotoa majibu ndani ya saa 24 hadi 36 itakuwa imempa karatasi kabla ya alfajiri ya Alhamisi. Usipimwe mapema "ili uwe na amani". Kupimwa mapema ndiko kulikomponza shangazi.

Nchi nyingine hazihesabu saa, zinahesabu siku za kalenda. Ile siku 1 ya Marekani ilimaanisha wakati wowote wa siku ya kabla ya safari: anayeruka Alhamisi usiku angeweza kupimwa Jumatano asubuhi. Na nyingine zilitaka vipimo viwili. Kuanzia Agosti 2021 Dubai iliwataka wasafiri wa nchi kadhaa, Uganda ikiwemo, wawe na PCR ya ndani ya saa 48, kisha wapimwe tena PCR ya haraka uwanjani ndani ya saa 6 kabla ya kuruka. Aliyefika uwanjani saa mbili kabla, kama tulivyozoea, alikuta foleni ya kipimo cha pili imeshamshinda.

Hatua ya nne: kipimo chenyewe

Mwaka 2021 Tanzania Bara ulijiandikisha mtandaoni, ukapata namba ya malipo, ukalipa dola 100, ukaenda kituoni kutoa sampuli, majibu yakaja kwa barua pepe yakiwa na msimbo wa QR. Mlipuko mwingine ukija utaratibu unaweza kubadilika, ila mambo ya kukagua yatabaki yaleyale.

Hakikisha maabara inatambuliwa na nchi unayokwenda. Baadhi ya nchi zilitoa orodha za maabara zinazokubali. Hakikisha cheti kitaandikwa kwa lugha wanayoisoma kule, kwa kawaida Kiingereza. Uliza kama kitaonyesha saa ya kuchukuliwa sampuli, siyo tarehe pekee. Na ukiwa bado kwenye kiti, macho yakitoka machozi baada ya kile kijiti kuingia puani, muombe mhudumu akuonyeshe kibandiko cha kichupa. Soma jina lako herufi kwa herufi, soma tarehe na saa. Dakika hiyo moja ni rahisi kuliko kurekebisha cheti usiku wa safari, ofisi zikiwa zimefungwa.

Jua pia aina. PCR hutafuta vinasaba vya virusi na ndiyo iliyoaminika zaidi. Kipimo cha haraka cha antijeni hutoa majibu ndani ya nusu saa hivi. Nchi nyingine zilikataa kabisa kile cha haraka, Marekani ilikikubali. Hilo ndilo lililomwokoa shangazi: Jumatano tulimpeleka akapimwa kipimo cha haraka penye cheti rasmi, Alhamisi akaruka. Tungesoma kanuni vizuri, tungelijua tangu mwanzo, na tusingelipa fedha za kubadilisha tiketi.

Usinunue cheti. Msimbo wa QR huchanganuliwa uwanjani na jina lako ama lipo kwenye mfumo ama halipo. Likikosekana, unaweza kuishia mikononi mwa polisi wa nchi ya watu. Na ukisikia mtu anauza "cheti cha Marburg" au "cheti cha Ebola", huyo ni tapeli. Magonjwa hayo hupimwa mtu mwenye dalili, au aliyekuwa karibu na mgonjwa na anafuatiliwa. Mzima uwanjani hupimwa joto na kuulizwa maswali.

Hatua ya tano: jina

Kwetu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na kila ofisi huchukua yale inayoyapenda. Pasipoti inasema Mwanaisha, kadi ya chanjo inasema Mwana Aisha, cheti cha kipimo kina majina mawili badala ya matatu. Kwa mtu wa kaunta asiyejua majina yetu, hao ni watu watatu. Popote utakapoandikishwa, toa pasipoti uiweke mezani, usiseme jina kwa mdomo. Namba ya pasipoti nayo iwe ya ile unayosafiria. Ukibadilisha pasipoti baada ya kuchanjwa, beba na ya zamani.

Hatua ya sita: chanjo zina siku zake za kusubiri

Kwa homa ya manjano, kadi huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano. Ukichomwa Jumatatu na kuruka Ijumaa, kwa nchi inayoidai ni kama hujachanjwa. Tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10, kwa hiyo usichomwe mara ya pili kwa kutishwa na mtu. Watoto wa chini ya miezi 9 hawachanjwi, na mwenye sababu ya kiafya anaweza kupewa na daktari barua ya msamaha. Iombe mapema na ubebe nakala halisi. Nchi inayoogopa ugonjwa huu, kama India, inaweza kukutenga hadi siku 6 ukifika bila kadi.

Wanaokwenda Hijja au Umra wanatakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya ACWY, angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Zipo aina mbili, moja inadumu miaka 3 na nyingine 5. Hakikisha aina imeandikwa kwenye kadi, la sivyo utahesabiwa ile fupi. Saudia hudai pia chanjo ya polio kwa wanaotoka baadhi ya nchi, na orodha hubadilika, basi iulize kila msimu.

Kuhusu Uviko, sheria ya kawaida ilikuwa siku 14 baada ya dozi ya mwisho. Lakini aina ya chanjo ilikuwa na neno lake. Julai 2021 cheti cha kidijitali cha Ulaya kilipoanza, AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield haikuwa kwenye orodha yake, na hiyo ndiyo chanjo waliyochanjwa Wakenya wengi kupitia COVAX, mpango wa kugawa chanjo duniani. Dawa ni ileile, idhini ya Ulaya ndiyo iliyokosekana. Haikuwa haki, na inauma kuikumbuka. Nchi mojamoja zilikuja kuikubali, basi kanuni ya kusoma ni ya nchi unayoingilia. Kwenye kadi yako hakikisha kuna jina kamili la chanjo, namba ya toleo na tarehe.

Hatua ya saba: fomu za mtandaoni, na saa yetu ya Kiswahili

Fomu za afya kwa kawaida hujazwa kati ya siku moja na tatu kabla ya kuingia, na mwisho hutoa msimbo utakaoonyeshwa. Tumia tovuti ya serikali yenyewe. Zipo zinazofanana nayo zinazotoza fedha kwa fomu ya bure.

Kosa moja nimelirekebisha mara nyingi kwa wazee wetu. Fomu inauliza saa ya kutua, ndege inatua saa 4 usiku, mzee anaandika 04:00. Kwao hiyo ni alfajiri. Sahihi ni 22:00. Vivyo hivyo sampuli ya saa 3 asubuhi ni 09:00. Ukiandika 03:00 umeizeesha kwa saa sita, na kwa kanuni ya saa 72 hizo zinatosha kukurudisha nyumbani. Mkalie mzee pembeni mjaze pamoja.

Hatua ya nane: kaunta

Fika saa nne kabla. Chapisha kila kitu nakala mbili, maana simu huzima na mtandao wa uwanjani hausubiri. Panga kwenye bahasha moja kwa mfuatano wanaoulizia: pasipoti na viza, tiketi, cheti cha kipimo, kadi ya chanjo, msimbo wa fomu, anwani ya utakapofikia. Bahasha hiyo isiingie kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Ukiambiwa hapana, usigombane; sema kwa upole, "Dada, naomba unionyeshe sharti lenyewe linavyosema." Mara nyingine wamesoma mstari wa nchi nyingine, na ile picha ya skrini yenye tarehe itakusaidia. Ikishindikana, omba msimamizi wa zamu.

Majibu yakija mabaya, au mlango ukifungwa

Kabla ya kulipia tiketi, uliza inabadilishwa kwa kiasi gani na mpaka saa ngapi kabla ya safari. Tiketi ya bei ya chini kabisa wakati wa mlipuko ni hatari. Uliza bima kama inalipa karantini, maana nyingi hulipa matibabu tu. Uingereza mwaka 2021 ilimtoza mtu mzima aliyetoka nchi za orodha nyekundu, yaani zilizohesabiwa za hatari, pauni 1,750 kwa hoteli ya siku 10, na kuanzia Agosti pauni 2,285. Tanzania iliingizwa kwenye orodha hiyo Januari, Kenya Aprili. Oman nayo, tarehe 25 Februari mwaka huohuo, ilizuia kwa muda wasafiri wa nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo, na ndugu wengi wa pande mbili hizi wakakatwa katikati ya ziara. Beba fedha au kadi ya kukulaza wiki mbili ambazo hukuzipanga, na dawa zako za kila siku za mwezi mzima.

Ukikutwa na virusi, usisafiri. Kwenye ndege kuna wazee na wagonjwa. Lakini kama ulishapona, jua kwamba PCR inaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa. Marekani ilikubali badala yake majibu ya zamani ya ndani ya siku 90 pamoja na barua ya daktari kwamba umepona. Hifadhi karatasi ya ugonjwa wako kama unavyohifadhi ya uzima.

Kurudi

Kurudi ni safari nyingine yenye kanuni zake. Kuanzia tarehe 4 Mei 2021 Tanzania ilidai PCR ya ndani ya saa 72 kwa wanaoingia pamoja na kipimo cha haraka mlangoni, na Machi 2022 ikaja kuwasamehe waliochanjwa. Basi kabla hujaondoka, mwambie mwenyeji wako akutafutie maabara karibu na anapoishi, bei yake na muda wa majibu, uandike kwenye ile karatasi ya hatua ya kwanza.

Ukishafika nyumbani, tunza vyeti vyote na vipande vya tiketi vyenye namba ya kiti kwa siku 21. Ukipata homa ndani ya siku hizo nawe ulipita penye mlipuko, usikimbilie hospitali ukakaa kwenye foleni na wajawazito na watoto. Piga simu kwanza, namba 199 kwa Tanzania au 719 kwa Kenya, uwaambie ulikotoka na ulikokaa kwenye ndege, ili nao wajue pa kuanzia kuwatafuta waliokuwa jirani yako.